Kujiendeleza Huku Unalea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi Wenye Shughuli Nyingi

Majibu haya ni ya wazazi wanaofanya kazi Dar es Salaam na miji inayofanana nayo: wale wanaotoka nyumbani kabla hakujapambazuka, wanaorudi watoto wameshaanza kusinzia, na bado moyoni wana kozi waliyoiacha njiani, ufundi wanaotaka kuujua au kitabu kilichokaa kabatini tangu mwaka jana. Kama una dereva na bibi mwenye nguvu anayeishi nyumba ya pili, mengi ya hapa hayatakuhusu.

Uwiano maana yake kila kitu kipate muda sawa?

Hapana, na anayejaribu hivyo ataumia. Mwezi wa kufunga hesabu ofisini hauwezi kufanana na Desemba shule zikiwa zimefungwa. Mwaka wenye mtoto mchanga haufanani na ule ambao kitinda mimba anaoga na kuvaa mwenyewe. Pima kwa msimu, usipime kwa siku. Mimi hupendelea kuuliza hivi: katika miezi mitatu iliyopita, ni nani ndani ya nyumba hii ambaye hajapata chochote cha kwake? Kama jibu ni mtu yule yule kila mara, uwiano haupo, hata kama ada imelipwa na nyumba inang'aa.

Kila mhamasishaji anasema niamke saa 10 alfajiri nijisomee. Nifanyeje nisichoke?

Usiamke.

Ushauri huo unamfaa mtu ambaye safari yake ya kazini ni fupi. Anayeishi Chanika, Mbezi au Mbagala Rangi Tatu na kufanya kazi Posta au Masaki tayari yuko macho saa 10 na nusu, kwa sababu akichelewa kituoni anakutana na foleni isiyo na huruma. Kama amelala saa 5 usiku baada ya vyombo, sare na madaftari ya watoto, amepata saa 5 na nusu za usingizi. Wataalamu wa usingizi wanasema mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Ukimpunguzia hata nusu saa nyingine, atakuwa anasoma aya ile ile mara tatu bila kuielewa, maana ubongo hupanga na kuhifadhi mambo mapya wakati mtu amelala. Asiyelala hasomi, anapitisha macho tu.

Ndiyo maana majibu mengi yaliyo hapa chini yanaanzia sehemu moja: toa kitu kwanza, ndipo uongeze kingine. Anayeongeza bila kutoa anaishia kukopa kwenye usingizi wake, au kwenye usingizi wa mtu mwingine humo ndani.

Nitoe nini? Sina hata dakika ya kupoteza.

Sisemi unapoteza dakika. Nasema kuna kazi unazifanya mara saba kwa wiki ambazo zingefanywa mara moja.

Anza na jiko, kwa sababu ndilo linalokula jioni nyingi. Maharage, kunde, choroko na nyama ngumu huchemshwa Jumamosi kwa wingi, zikapoa, zikagawanywa kwenye vikopo vya mlo mmoja mmoja na kuingia friza. Siku ya kazi unaunga tu, na mtungi wa gesi nao unadumu. Kitunguu saumu na tangawizi saga vya wiki nzima. Chapati zinakaa vizuri zikichomwa nusu na kutenganishwa kwa karatasi ya nailoni. Umeme ukikatika siku nzima, basi maharage yaliyoyeyuka mtayala mfululizo kabla hayajaharibika. Asiye na friza anaweza walau kupanga mboga za wiki, maana kinachochosha wengi kuliko kupika ni lile swali la saa 12 jioni, "Leo tunakula nini?"

Halafu dukani. Kumtuma mtoto kwa Mangi kila jioni kununua sukari ya kupima na kipande cha sabuni kunakula fedha na muda pia. Mwenye mshahara wa mwezi anunue mchele, unga, mafuta na sabuni vya mwezi siku ile ile mshahara unapoingia. Mwenye kipato cha kila siku hawezi, na asilaumiwe. Yeye ashirikiane na jirani kununua gunia au dumu kisha wagawane.

Sare: mtoto mwenye sare moja anamfanya mtu mzima mmoja afue kila usiku. Ukiweza, nunua ya pili kabla ya kununua nguo ya sikukuu. Pasi ipigwe mara moja, Jumapili, na anayejua kusoma saa anajua pia kupiga pasi.

Na safari yenyewe. Kwenye mwendokasi la Kimara saa za asubuhi huwezi kufungua kitabu, mkono hauna pa kupita. Masikio lakini yapo huru. Taifa hili lilishawahi kusoma kwa masikio: mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima kwa mamia ya maelfu kwenye vikundi vya kusikiliza redio, vijijini na mijini, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Wewe una simu na spika za masikioni. Pakua masomo nyumbani au ofisini kwenye Wi-Fi, usikilize njiani. Simu ibaki mfukoni na uwe mbali na dirisha, la sivyo kozi itahitimiwa na kibaka.

Mume wangu husema, "Niambie tu, nitakusaidia." Mbona bado nachoka?

Kwa sababu kazi ya kukumbuka imebaki kwako. Kuosha vyombo ni dakika 20. Kujua kwamba gesi inakaribia kwisha, kwamba Jumatano ni chanjo, kwamba mtoto wa pili viatu vinambana, kwamba luku ina uniti mbili na kwamba mchango wa mahafali ya darasa la saba unatakiwa kabla ya Ijumaa, hiyo ni kazi isiyo na mwisho wala anayeiona. Na "nitakusaidia" inamaanisha kwamba mwenye kazi ni wewe, yeye ni kibarua wa siku.

Dawa yake ni kukabidhiana maeneo mazima badala ya kupeana vikazi. Mfano, shule inakuwa ya baba: ada, fomu, vikao vya wazazi, gari la shule, madaftari, na namba ya mwalimu wa darasa iwe kwenye simu yake. Mwalimu akimpigia mama kwa mazoea, mama anajibu kwa upole, "Mwalimu, samahani, hilo mpigie baba yao." Afya inaweza kuwa ya mama, chakula cha siku za kazi cha mmoja na cha mwisho wa wiki cha mwingine. Aliyepewa eneo analifikiria kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kukumbushwa.

Upande wa pili nao una wajibu, na hapa akina mama wengi huninunia: ukishakabidhi, usisimamie. Baba akimpeleka mtoto shule na soksi zisizofanana, mtoto atasoma vilevile. Ukirudi nyuma yake kurekebisha kila kitu, mwezi haujaisha kazi yote itakuwa imerudi kwako, na safari hii ataona ulijitakia.

Nasikia pia malalamiko ya akina baba, na mengine ni ya haki. Mwanamume anayefanya kazi mchana na kuendesha bodaboda usiku ili kodi ilipwe naye amebeba mzigo usioonekana. Wekeni yote mezani, fedha zikiwemo, kabla ya kugawana.

Mama mkwe amekuja na haamini macho yake akimwona mwanawe jikoni. Tufanyeje?

Ajibu mwana mwenyewe, sio mkwe. Sauti ya chini, bila hotuba: "Mama, hii ni zamu yangu ya jioni. Naomba uniachie, nikimaliza nakuja tuongee." Mke akijibu, linakuwa la mkwe na mkwe, na hilo halina mshindi.

Tuna dada wa kazi. Si ndiye suluhisho?

Ni msaada mkubwa, na familia nyingi za mjini zisingesimama bila yeye. Ila tujiulize muda wetu wa kujiendeleza umetoka wapi. Kama wewe unasoma jioni kwa sababu binti wa watu yuko macho tangu saa 10 alfajiri hadi saa 5 usiku, mzigo haujapungua, umehamishiwa kwa mwenye nguvu ndogo zaidi ya kukataa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumweka pembeni mfanyakazi wa nyumbani. Naye ana ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, ana haki ya kupumzika saa 24 mfululizo kila wiki, na ana likizo ya mwaka. Mwambie siku yake ya mapumziko ni ipi, na siku hiyo asiombwe "kidogo tu ashike mtoto." Andikianeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja.

Halafu muulize naye anataka kuwa nani. Wapo waliolipiwa na mabosi wao kozi fupi ya ushonaji au upishi kwenye vyuo vya ufundi vya VETA, wakienda siku chache kwa wiki. Mabosi wengine wanaogopa kwamba akisoma ataondoka. Ataondoka ndiyo, lakini mara nyingi kwa taarifa, kwa amani, na baada ya kukutafutia wa kushika nafasi yake. Yule anayetoroka alfajiri na begi lake ni wa namna nyingine.

Gari la shule linapita saa 11 alfajiri na mtoto anarudi jioni, kisha kuna twisheni. Tumwache apumzike au tukazane?

Apumzike. Watoto wa umri wa shule ya msingi wanahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Wa miaka mitatu na minne, Shirika la Afya Duniani linataja saa 10 hadi 13. Mtoto anayepanda gari saa 11 ameamshwa saa 10 na robo. Hata akilala saa 2 usiku kamili anapata saa 8 na robo, na kaya zinazolaza watoto saa 2 sizijui nyingi.

Kwa hiyo hesabu inaanzia kwenye umbali, na twisheni inakuja baadaye. Shule nzuri ya wastani iliyo kilomita mbili kutoka nyumbani ina faida ambazo hazimo kwenye matokeo ya mtihani: mtoto anaamka saa 12, anakunywa uji akiwa macho, anacheza jioni, na wazazi wanalala. Najua sifa ya jina la shule inavyovuta, na najua neno linalosemwa kwenye vikao vya ukoo. Bado nasema tazama ramani kabla ya kutazama nafasi ya shule kitaifa. Ikishindikana kuhama, muulize mwenye gari mpangilio wa kuchukua watoto. Mara nyingine kukutana naye kwenye barabara kuu badala ya mlangoni kunaokoa dakika 30. Na twisheni ibaki kwa somo moja analolihitaji kweli.

Sheria inanipa nini ninayeajiriwa?

Zaidi ya wengi wanavyojua. Kwa Tanzania Bara, sheria hiyo hiyo ya 2004 inaweka ukomo wa saa 9 za kazi kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada ni kwa makubaliano, hazizidi 50 katika kila wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo ana mapumziko ya saa nzima. Likizo ya mwaka ni siku 28. Uzazi ni siku 84 zenye malipo, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, na mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku kwenda kunyonyesha. Baba ana siku tatu, ambazo mtu anaweza kuzimaliza akihangaikia vitambulisho na vipimo hospitalini.

Angalia ile saa ya mchana. Ofisi nyingi huila mezani huku zikijibu simu. Ukiifunga kwa ajili ya kozi yako mara tatu kwa wiki, umepata muda wa maana bila kugusa usingizi wala watoto. Na likizo usiiuze yote. Gawa na mwajiri wako, sehemu iangukie Juni au Desemba watoto wakiwa nyumbani, sehemu iangukie wiki ya mitihani yako.

Mama lishe, fundi na mwenye duka hawana sheria ya kuwalinda na saa zao wenyewe. Kwao kitu cha kwanza ni saa ya kufunga iliyoandikwa mlangoni na kuheshimiwa.

Niliachia darasa la saba, au kidato cha pili. Nimechelewa?

Hujachelewa. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1975 ikaundwa kwa sheria Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo hadi leo ina njia kwa wasiomaliza sekondari. Ambaye hakufika kidato cha nne kwa mfumo wa kawaida hupitia Mtihani wa Maarifa, wengi huuita QT, kisha hufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Vituo vina vipindi vya jioni na mwisho wa wiki.

Mwenye vigezo vya chuo anaweza kujiunga na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 mahsusi kwa watu wasioweza kuacha kazi na kukaa bweni. Kina vituo mikoani, na kasi ya masomo unaipanga kwa kiasi kikubwa wewe. Ushauri wangu: muhula wa kwanza chukua masomo machache kuliko unavyodhani unaweza. Wanaobeba mzigo kamili wakiwa na mtoto wa miaka miwili huishia kuahirisha mitihani.

Na cheti sio lazima. Kujua kushona pindo, kuogelea, Kiingereza cha kazini, tajwidi au noti za kwaya ni kujiendeleza pia.

Michango ya harusi, vikao, kichen pati, vikoba, magrupu. Nakataaje bila kuonekana najitenga?

Usikatae watu, kataa vikao. Mtu anayetoa mchango wake mapema, bila kufuatwa, husamehewa asipoonekana kwenye kikao cha Jumapili kinachoanza saa 9 kwa jina na saa 11 kwa kweli. Jipangieni fungu la michango kwa mwaka, likiisha, jibu ni "mwaka huu tumefika mwisho, tutakuja siku yenyewe." Uenyekiti wa kamati kubali mmoja tu kwa wakati, na wa uhazini fikiria mara mbili.

Msiba ni kitu kingine. Huko unaenda.

Kikoba kinachokutana kila wiki kwa saa mbili kina thamani kama unakopa na kuzalisha. Kama unahudhuria kwa mazoea na hisa zako zimelala, muda wa miezi kadhaa wa kozi umo humo. Magrupu ya WhatsApp yazimishe sauti yote, isipokuwa la darasa la mtoto, tena hilo ni la mwenye eneo la shule.

Ndugu wamekuja kukaa, wengine bila tarehe ya kuondoka. Tunawezaje kuwa na ratiba?

Wahenga walilimaliza: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kijana aliyekuja kutafuta kazi apewe eneo, kama kusimamia madaftari ya wadogo jioni au soko la Jumamosi. Lisemwe na mwenye ndugu huyo, wiki ya kwanza, kabla kinyongo hakijapata mizizi.

Nalea peke yangu. Haya ya kugawana yananihusu?

Yanakuhusu kwa sura nyingine. Mtu wako wa kugawana naye ni mzazi mwingine, na yuko mtaa huo huo: yeye anakaa na watoto wa nyumba zote mbili Jumanne jioni, wewe Alhamisi. Kila mmoja anapata jioni moja kamili, bila kumlipa mtu. Anza na mtu ambaye watoto wako wanamfahamu na nyumba yake unaijua, na muelewane mapema juu ya chakula na saa ya kuchukuana. Mzazi mwenzio kama yupo na anatoa matunzo, omba pia muda wake, sio fedha tu.

Nikisoma watoto wakiwa macho najiona mzazi mbaya.

Kaa nao meza moja, wao na madaftari yao, wewe na lako. Mtoto anayemwona baba yake anahangaika na hesabu hujua kwamba kuhangaika ni sehemu ya kusoma. Dakika 30 zinatosha, kisha weka vitabu, simu iende chumbani, muwe nao kweli. Kinachowaumiza zaidi ni yule mzazi wa nusu, yupo sebuleni na kidole kiko kwenye kioo.

Nitajuaje kwamba hii si uchovu tena?

Uchovu hupungua mtu akilala na kupumzika. Kama kwa wiki mbili au zaidi huna furaha karibu siku nzima, vitu ulivyovipenda havikugusi, usingizi au hamu ya kula vimeharibika, unajiona huna thamani, basi hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Mama aliyejifungua karibuni awe makini zaidi, na mume wake awe makini kwa niaba yake. Nenda kituo cha afya, eleza hivyo hivyo bila kupamba, uombe rufaa. Hospitali kubwa, Muhimbili ikiwemo, zina idara za afya ya akili. Maombi na dua viendelee, vinakwenda pamoja na daktari. Yakija mawazo ya kujidhuru, usisubiri miadi: mwambie mtu wa karibu sasa hivi akupeleke.

Nilianza vizuri, nikaacha wiki ya tatu. Wanasema tabia inajengeka kwa siku 21.

Watafiti wa University College London walifuatilia watu wakijenga tabia ndogo za kila siku, na matokeo yao yalichapishwa kwenye jarida mwaka 2010. Ilichukua wastani wa siku 66, na tofauti ilikuwa kubwa: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya 254. Waligundua pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mwenendo. Kwa hiyo wiki ya tatu ulikuwa bado mlangoni, na huenda kilichokukwamisha ni homa ya mtoto au wiki ya kufunga hesabu.

Ukirudi, usijaribu kufidia ulichokosa. Angalia kwanza ulichokitoa mwanzoni ili upate ule muda: mara nyingi utakuta kimerudi kimya kimya, kikao kile, twisheni ile, simu ile ya saa 4 usiku. Kitoe tena, kisha fungua pale ulipoishia.